Kigoda cha Kumwonea Shamila

Magauni kumi na sita yalishonwa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kwa ajili ya onyesho la mwisho la Shamila, na fundi aliyeyashona hakuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Mumewe, Mussa seremala, alikuwa amefariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Mei, baada ya kuugua siku nne tu. Tangu siku hiyo Najiat alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe, anakaa eda kama walivyokaa wajane wengine wa mtaa ule kabla yake.

Cherehani aliachiwa. Wifi yake Mwanajuma, dada mkubwa wa marehemu, aliyefunga nyumba yake ya Isevya na kuja kumsimamia, alikubali kwamba msiba haupiki ugali. Vingine vyote aliviondoa kwa mikono yake: manukato, wanja, heleni, na kioo cha ukutani alichokizungushia khanga kuukuu na kukisukuma uvunguni. Alisema mjane hajitazami. Kama hilo lilitoka kwenye vitabu au kwa bibi yake mzaa baba, hakuna aliyeuliza. Mwanajuma alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, na likishasemwa watu waliendelea na kazi zao.

Habari ya Shamila ilikuja Julai, kupitia redio ndogo ya jikoni. Mwimbaji alikuwa anaacha. Koo lilimsumbua, alisema, na miaka ishirini na miwili jukwaani ilimtosha. Angefanya ziara moja ya kuaga, aanzie Bagamoyo, apite Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega, amalizie Tabora, Jumamosi ya tarehe ishirini na saba Septemba, alasiri. Baada ya hapo asingeimba tena mbele ya watu. Najiat alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliutia, akaukosa, akautia tena.

"Kafuata njia ya wapagazi huyo," alisema shemeji yake Abdulatifu jioni ile, akizungumza kutoka upande wa pili wa pazia. "Ila wenzake walikuwa wanafika mpaka Ujiji."

"Basi huyu kachoka mapema," alijibu Mwanajuma.

Najiat alikuwa anaitazama kalenda ya duka la pembejeo iliyoning'inia juu ya cherehani. Siku ya tatu ya matanga, Abdulatifu ndiye aliyeishusha, akahesabu kwa sauti mbele ya watu: ishirini na mbili Juni, Julai, Agosti, Septemba, hiyo miezi minne, ongeza siku kumi. Akazungushia duara jekundu tarehe mbili Oktoba. Wote waliitikia. Abdulatifu alikuwa karani wa kamati ya msikiti, na mtu mwenye kalamu nyekundu mkononi si rahisi kumbishia. Kati ya duara lile na onyesho la Shamila palikuwa na siku tano.


Ili mambo yaeleweke, lazima kigoda kisemwe. Najiat ni mfupi. Si mfupi wa kusema hivi tu. Ni mfupi wa kupanda kiti kuwasha taa za zamani za kamba. Mara ya kwanza alipokwenda kumwona Shamila, Nzega, zamani za ujana wao, alirudi akiwa ameona migongo ya watu kwa saa tatu. Alilia njia nzima ya kurudi. Mussa hakuwa mpenzi wa muziki, nyimbo zote kwake zilikuwa moja, lakini kilio cha bure hakukipenda. Wiki iliyofuata alichonga kigoda cha mninga, cha kukunja, chenye mshikio wa ngozi, cha kumwonea Shamila.

Kigoda kile kilikwenda Shinyanga, kikaenda Kahama, kikaenda Nzega tena. Kilikuwa na ila moja: mguu wa nyuma kushoto ulicheza. Mussa aliwatengenezea watu vitanda visivyotikisika, lakini mguu ule kila mwaka alisema ataurekebisha kesho. Kwa hiyo kazi yake kwenye onyesho ilikuwa kuukanyaga. Najiat akiwa juu, anaimba mpaka mishipa inamtoka, Mussa alikuwa chini, kakunja mikono, kageukia upande usio na kitu cha kutazama, mguu wake wa kulia juu ya mguu wa kigoda. Watu walimcheka. Alisema yeye yuko kazini.

Huo ndio ulikuwa muziki wake.


Sare ilipoamuliwa, ilikuwa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Wapenzi wa Shamila walikuwa wanawake kumi na saba, wa Ng'ambo, Isevya na Ipuli, na Najiat ndiye aliyewakusanya miaka kumi iliyopita. Sasa walikuja mmoja mmoja kupimwa, wakikaa kwenye mkeka wake kwa sura za msiba kwa dakika tano za kwanza, halafu wakisahau.

"Wewe Najiat nishonee langu mwishoni likibidi," mmoja alisema, "ila bei nipunguzie. Huna haraka wewe, huendi popote."

"Kiuno nibane," alisema mwingine. "Nataka anione."

Najiat alibana viuno. Usiku wa kwanza alipowaza jambo lile lililokuwa likimwasha, aliona haya. Wiki ya pili haya ikapungua, na wiki ya tatu akalisema. Ilikuwa baada ya chakula, Abdulatifu kaleta unga, kakaa nje ya pazia.

"Shemeji," alisema Najiat, "nauliza tu, kwa sababu wewe unakaa na masheikh. Hizi siku kumi za mwisho. Kama mtu ana jambo kubwa, hazipunguziki? Hata tano?"

Abdulatifu alicheka, kicheko cha mtu mwema asiyekusudia ubaya, ambacho ndicho kibaya zaidi. "Shemeji, eda haina punguzo. Si kitenge."

Angeishia pale, lingekwisha. Lakini Abdulatifu alikuwa na ulimi mwepesi, na jambo likimchekesha alitaka liwachekeshe na wengine. Alilisema barazani baada ya alasiri. Mmoja wa waliosikia alilipeleka kwa mkewe. Kesho yake asubuhi, bombani, wanawake walikuwa wanalijua, na Mwanajuma alirudi na ndoo mbili kichwa kimemwinama.

"Wananiuliza kama wifi yangu anaomba eda ya bei nafuu," alisema. Aliweka ndoo chini. "Mdogo wangu hajafikisha miezi mitatu mchangani."

"Nilikuwa nauliza tu, wifi."

"Ungeniuliza mimi. Ningekwambia hapana humu humu ndani, lisingetoka."

Najiat alijua kuwa hilo ni kweli, na ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikanyaga cherehani mpaka adhana ya adhuhuri bila kuinua kichwa.

Ilikuwa katikati ya Septemba, Maulidi imeshapita, Mwanajuma alipokunjua marobota ya vitambaa akitafuta mkasi akaona gauni la kumi na saba. Lilikuwa dogo. Pindo lilikuwa limekwisha, mikono imekwisha, vifungo tu vilibaki. Alilinyanyua kwa vidole viwili akalitazama urefu wake.

"Hili la nani?"

"Langu."

"La kuvaa lini?"

"Siku ya kutoka. Alhamisi ile." Najiat aliuma uzi kwa meno. "Kitambaa kilibaki."

Mwanajuma alimtazama kwa muda. Hakugomba. Alilikunja gauni mara nne, akalitia kwenye sanduku lake la bati, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye pindo la khanga. Najiat, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mama wa Sabiri anayefanya kazi Kahama, fundi aliyevalisha maharusi wa kata nzima, alikaa akatazama ufunguo ukifungwa.


Jumamosi ilifika kama ambavyo siku hufika. Toka saa nne asubuhi gari la matangazo lilizunguka, vipaza sauti vinakoroma, na jina la Shamila lilipita mbele ya nyumba mara sita. Saa nane wapenzi wake walipita kwa miguu, kijani na njano barabara nzima. Walipofika usawa wa nyumba ya Mussa walinyamaza kwa adabu, wakaanza kuimba tena walipofika kwenye mashine ya kusaga. Najiat aliwaona kupitia tundu la dirisha. Gauni la tatu kutoka mwisho lilivuta begani. Alikuwa amemwambia mwenye gauni lile, lakini hakusikia.

Mwanajuma alikuwa ametoka tangu saa saba kwenda Isevya kumwangalia mgonjwa. Kabla hajatoka alisimama mlangoni akitaka kusema neno, akaliacha.

Saa nane na nusu Koleta aliingia kwa mlango wa uani. Koleta ni jirani, muuza maandazi, Mkatoliki kutoka kwao Nzega, na kati ya watu kumi na saba ndiye pekee aliyejua nyimbo zote za Shamila pamoja na zile zisizopendeza. Alikuwa ndani ya sare, na kwapani kabana mfuko mweusi.

"Mama Sabiri, sina maneno mengi," alisema. Alitoa buibui na nikabu. "Nimeazima kwa mke wa muuza mikeka. Saa mbili tu. Unaingia, unamwona, unatoka kabla wifi hajarudi. Nani atakujua?"

"Kwa kimo hiki?"

"Ukiwa juu ya kigoda huna kimo."

Najiat alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Mei, akaziba mdomo. Halafu alifanya lile ambalo baadaye alilirudia moyoni mara nyingi. Alivaa buibui juu ya nguo nyeupe. Alichukua kigoda nyuma ya mlango, kilipokuwa kimeegemezwa na mkono wa Mussa mwenyewe, akapangusa vumbi. Walivuka ua pamoja. Kwenye mlango wa uani Koleta alitangulia nje akatazama huku na huku, akampungia mkono.

Najiat alitaka kwenda. Hilo lisifichwe. Hakuwa mwanamke wa kujifanya, na tamaa ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Alikishika kigoda kwa mshikio, na mguu ule mbovu ukacheza, ukagonga goti lake. Alisimama. Aliwaza nani angeukanyaga. Koleta angekuwa anacheza. Kisha aliwaza kuwa kwa miaka ishirini na miwili Mussa alisimama pale chini asione kitu, asilalamike, na kwamba sasa yeye ameombwa jambo moja tu la kumfanyia mtu yule, kukaa, na limebaki siku tano.

"Nenda, Koleta."

"Mama Sabiri, ni mara ya mwisho. Kesho hakuna tena."

"Najua. Na hizi nazo ni za mwisho. Sikumwibia alipokuwa hai, nimwibie sasa hawezi hata kuniuliza?"

Koleta alimvua buibui taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa, akaikunja. "Nitakupigia simu," alisema. "Usiizime."

Alipiga saa kumi na moja kasoro. Simu ilileta kwanza mvumo mkubwa, halafu mikwaruzo, halafu katikati ya mikwaruzo sauti ambayo Najiat angeijua hata chini ya maji. Uwanja haukuwa mbali. Upepo ulipogeuka, wimbo uliingia kwa dirisha kabla ya kufika kwenye simu, na ikawa Shamila wawili wanaimba, mmoja nyuma ya mwenzake. Najiat alikaa sakafuni na simu sikioni. Aliimba bila kutoa sauti. Mwishoni mwimbaji alianza kuaga. Alisema, "Tabora," akasema, "nilipoanza nilikuwa," na salio la Koleta likaisha.

Nyumba ilinyamaza. Najiat aliiweka simu kwenye mkeka akaanza kufikiri kuhusu ziara, jinsi ilivyoanza Bagamoyo na kuja kituo baada ya kituo, na jinsi alivyoifuata kwenye redio kila mwisho wa wiki kama mtu anayemsubiri mgeni anayetembea kwa miguu. Sasa mgeni alikuwa amefika na kupita. Aligundua kwamba katika miaka yote ile hakuwa amempenda Shamila siku za maonyesho tu. Alipenda pia kumsubiri, kushona, kuuliza nauli, kumwambia Mussa aandae kigoda na kusikia akisema mguu ule atautengeneza kesho. Ziara ilipokwisha, kusubiri nako kulikwisha, na hakujua jioni kama ile mtu huweka nini mahali pake.

Hata hivyo hakuwa na majuto. Mwanajuma aliporudi magharibi alimkuta amekaa palepale, amenyooka, ana uso mtulivu. Alikuwa na fahari, na hakuona vibaya kuwa nayo. Alikuwa amekataa kitu alichokitaka kuliko vyote, kwa ajili ya mume, bila kushurutishwa na yeyote. Alilala mapema, akalala vizuri.


Bi Zabibu alikuja Jumapili saa mbili asubuhi, hakupiga hodi mara mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, somo wa Najiat, aliyemfunda tangu uharusi wake, na kwa miaka thelathini ndiye aliyekuwa akiwaogesha wajane wa Ng'ambo siku ya kutoka eda. Alikataa kiti. Alikataa chai. Mwanajuma alimwamkia, akaitikia marahaba kwa pembe ya mdomo.

"Nimekuja kuuliza kosa langu," alisema.

"Kosa gani, Bibi?"

"Kwenye matanga mlinishika mkono nyote wawili mkaniambia, Bi Zabibu, wewe ndiye utakayemwogesha. Nikaweka sabuni yangu, nikaweka udi wangu. Juzi nimekaa mpaka isha. Jana nimekaa. Kama mmemwita mwingine, mngeniambia tu. Mimi sing'ang'anii kazi."

Mwanajuma na Najiat walitazamana. "Bibi, hatujamwita mtu," alisema Mwanajuma. "Siku bado. Ni Alhamisi hii inayokuja."

"Alhamisi ya nini?"

"Ya kutoka eda."

Bi Zabibu alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejibu hesabu vibaya. Sasa alikaa. "Mussa alituaga mwezi ishirini na nne, Mfunguo Pili. Tatu, Nne, Tano, Sita. Mwezi ishirini na nne Mfunguo Sita, ikatimia minne. Weka kumi. Imekwisha juzi, Ijumaa, jua lilipozama." Alinyoosha kidole ukutani, kwenye kalenda ya duka la pembejeo. "Mmehesabu kwa hiyo?"

Mwanajuma aligeuka akalitazama duara jekundu.

"Eda huhesabiwa kwa mwezi wa kuandama," alisema Bi Zabibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka, maana alikuwa ameuona uso wa Najiat. "Mwezi wa kuandama hauna thelathini na moja. Hili mnalijua. Ramadhani mnaifunga kwa nini? Maulidi mmesoma kwa nini, wiki tatu zilizopita?"

Walilijua. Ndicho kilichokuwa cha ajabu. Katika nyumba ile hakuna ambaye angethubutu kufunga Ramadhani kwa kalenda ya duka. Wangesimama uani wakatafuta mwezi mpaka shingo ziume. Lakini ada za shule, kodi ya pango na tarehe za hospitali zilikuwa za ukutani, na siku ile ya matanga, watu wakiwa na usingizi na kilio, Abdulatifu alinyoosha mkono akachukua iliyokuwa karibu. Hata sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu kodi.

Aliitwa. Alikuja haraka, kikoi kimepinda, na kwa mara ya kwanza tangu Mei hakukuwa na pazia kati yake na Najiat, kwani halikuhitajika tena. Aliichukua kalenda, akapitisha kidole, akahesabu upya kwa midomo tu. Sikio lake lilibadilika rangi.

"Hesabu yenyewe ni sahihi," alisema. "Ila ni—" Akaacha.

"Shemeji," alisema Najiat. "Uliniambia eda haina punguzo."

"Nilisema, shemeji."

"Kumbe ina nyongeza."

Abdulatifu aliirudisha kalenda kwenye msumari, akakosa, akairudisha tena. Habari hii hakuipeleka barazani.

Najiat aliuliza jambo moja tu. "Bibi. Kwa hiyo jana saa tisa nilikuwa huru?"

"Ulikuwa huru, mwanangu. Ungevaa ukaenda popote pa heri."

Najiat aliitikia kwa kichwa. Hakulilia onyesho, hilo lilikuwa limekwisha kuliliwa. Kilichomkata ni pale mlangoni, buibui mwilini na kigoda mkononi, alipogeuka nyuma kwa ajili ya Mussa. Aliamini amempa kitu. Sasa aliambiwa kuwa hakuwa na kitu cha kumpa tena. Deni lilikwisha jua la Ijumaa lilipozama, na siku ya Jumamosi alijinyima tu, kama mtu anayeendelea kusimama kwenye foleni baada ya dirisha kufungwa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, na Bi Zabibu alimwacha alie kwanza kisha ndipo akachemsha maji.

Aliogeshwa uani, nyuma ya mkeka uliosimamishwa. Udi ulifukizwa. Bi Zabibu alipoomba nguo mpya kila mtu aligeukia sanduku la bati, maana nguo mpya iliyokuwapo ilijulikana iko wapi. Mwanajuma alifungua pindo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua sanduku. Gauni la kijani lilikuwa limepigwa pasi. Vifungo vitatu, ambavyo Najiat hakuwahi kuvitia, vilikuwa vimetiwa, kwa mkono, kwa uzi ambao rangi yake haikulingana sawasawa. Najiat aliviona, akaviacha hivyo hivyo.


Koleta alifika wakati wanamfunga kilemba. Aliona gauni, akauliza, akaambiwa, akakaa chini mwenyewe bila kukaribishwa. Alipopata sauti alisema jambo la maana. Basi la Shamila lilikuwa bado mjini. Linaondoka saa sita, linashika barabara ya Nzega, litapita Ipuli.

Najiat alichukua kigoda nyuma ya mlango. Aliyesema "tunangojea nini" ni Mwanajuma, ambaye tayari alikuwa amevaa viatu. Walipanda bajaji, Najiat na Mwanajuma tu, na mjane alipovuka kizingiti jua lilimpiga machoni akasimama kidogo, siku mia na thelathini hivi za giza la ndani zikamtoka kwa machozi ya kawaida ya mwanga.

Barabarani, Ipuli, hapakuwa na mtu. Palikuwa na matuta mawili, mbuzi, na kibanda cha vocha kilichofungwa. Sherehe ilikuwa ya jana. Leo watu walikuwa makanisani, sokoni, au wamelala na makoo yao. Hapakuwa na mgongo hata mmoja wa kumzuia mtu asione. Najiat alikunjua kigoda pembeni mwa lami, akakiweka, akapanda juu yake.

Mwanajuma alitazama kushoto na kulia ile barabara tupu. Angeweza kusema. Kwa miezi minne na ziada yake hakuwahi kuacha kusema. Kigoda kilicheza, Najiat akayumba, na mguu wa kulia wa Mwanajuma ukatoka kwenye kiatu, ukapanda juu ya mguu wa nyuma kushoto, ukaukanyaga. Alikunja mikono, akageukia upande wa mbuzi.

Basi lilikuja saa sita na robo, jeupe, refu, vumbi la miji saba limelipaka mpaka madirishani. Lilipunguza mwendo kwenye tuta la kwanza. Vioo vyake vilikuwa vyeusi, vya kuzuia jua, na ndani hakuonekana mtu. Pengine Shamila alikuwa amelala. Pengine alikuwa ameshatangulia kwa ndege. Basi lilipanda tuta la pili polepole, dirisha baada ya dirisha, na katika kila kioo Najiat alimwona mwanamke mmoja aliyesimama juu ya kigoda, amevaa kijani, ana uso mwembamba kuliko aliokuwa nao Mei, na mvi mbili tatu mbele ya kilemba ambazo hakuwa akizijua. Alikuwa hajajiona tangu kioo kilipotiwa uvunguni. Alimtazama mwanamke yule mpaka dirisha la mwisho, na mkono wake, uliokuwa umeinuka kumpungia mwingine, ukabaki juu.

Basi likashika mwendo kuelekea Nzega. Vumbi likatulia.

"Umemwona?" aliuliza Mwanajuma, bado kageukia mbuzi.

"Nimemwona."

"Shuka basi. Mguu huu unauma."

Najiat alishuka, akakikunja kigoda, akaujaribu mguu mbovu kwa kidole. Ulicheza. Msumari mmoja tu ungetosha, na misumari nyumbani ilikuwapo, kopo zima. Alikishika kwa mshikio wake wa ngozi, wakaanza kurudi kwa miguu.

"Kesho nitautengeneza," alisema.